Duka wanaliita Kwa Bonge, na Bonge ni mimi

Mshauri,

Pokea salamu kutoka Nakuru. Naomba usinitaje jina.

Mimi ni mama wa watoto watatu, umri wangu ni miaka 38. Kwetu ni upande wa Kakamega, nikaolewa huku Nakuru, na nina duka la nafaka si mbali na soko la Wakulima. Nauza mahindi, maharagwe, ndengu, njahi na wimbi, kwa gunia na kwa gorogoro. Mume wangu ni fundi wa umeme, na miezi ambayo kazi zake zimelala, duka ndilo hutulisha.

Kinachonitatiza ni jina. Hapa sokoni naitwa Bonge.

Lilianzia kwa vijana wanaotushushia magunia. Siku hiyo tulikuwa tumetoa mzani nje tumpimie mteja mahindi, mmoja wao akasema, "Mama, hebu panda kidogo tuone kama unafikisha gunia." Mshauri, gunia letu ni kilo 90. Watu walicheka hadi wakashikilia mbavu. Nami nikacheka, ningefanya nini mbele ya mteja? Lori lililofuata kutoka Kitale lilipofika, nikawasikia wakiambiana, "Msianze, bonge linakuja kuhesabu." Likatoka hapo likafika kwa watu wa bodaboda, kwa akina mama mboga, kwa wenye hoteli. Siku hizi mgeni akiuliza maharagwe mazuri yanapatikana wapi, anaelekezwa "kwa Bonge." Kuna wengine wanaoniita hivyo kwa heshima kabisa. "Habari ya asubuhi, Mama Bonge," na mkono wananipa. Hao ndio wananichanganya zaidi.

Sasa kibao cha duka kimechakaa, maandishi hayasomeki. Mume wangu amekwenda kwa mchoraji, amelipa nusu ya pesa, na maneno aliyompa ni "Bonge Cereals, Jumla na Rejareja." Alinipa habari hizo kwa furaha, kama amenifanyia jambo kubwa. Anasema jina tayari liko midomoni mwa watu, kwa nini tuhangaike kutafuta lingine. Nilipomwambia silipendi, alishangaa. "Bonge ni sifa," akasema. "Si watu husema bonge la nyumba, bonge la gari? Wewe ni bonge la mama." Yeye mwenyewe ana kitambi. Marafiki zake wanakiita "public opinion," wanakipapasa wakicheka, naye hucheka nao. Ananiuliza mbona yeye hakasiriki.

Na nisiseme uongo, wateja wameongezeka. Kuna mwenye hoteli anayechukua maharagwe kwangu kila mwezi, na alikuja kwa sababu aliambiwa, "Nenda kwa Bonge, gorogoro yake haijabonyezwa."

Ningemeza haya yote kama si binti yangu. Ndiye kifungua mimba, yuko gredi ya saba, na mwili amechukua wangu. Shuleni wamejua mamake ni nani, na sasa anaitwa "Bonge Junior." Muhula huu chakula ninachompakia kinarudi nyumbani kama kilivyotoka. Nikimuuliza, anasema alikula cha rafiki yake. Jioni anakunywa chai ya rangi na kwenda kulala. Zamani Jumamosi alipenda kuja dukani kuniandikia madeni. Sasa kila Jumamosi ana kazi ya shule isiyoisha. Juzi tukichambua maharagwe aliniuliza, "Mama, bonge ni tusi ama si tusi? Baba anasema si tusi." Nikamwambia aendelee kuchambua.

Nilimpigia mama yangu simu, akanicheka. Alisema mwili ndio unaoonyesha kwamba nina mume na nina chakula, na kwamba wakati wao mtu akianza kukonda, watu walimzungumzia kama marehemu.

Sikuandikii unifundishe kupunguza mwili. Kliniki naenda, presha na sukari napimwa, na daktari na mimi tunaelewana. Ninachotaka kujua ni hili neno: maana yake ni nini hasa, na lilitoka wapi? Mume wangu anasema ni sifa, lakini likitamkwa mimi nasikia tusi. Na kibao je? Mchoraji anangoja. Nikikataa nitaambiwa najiskia, na pengine wateja wapotee. Nikikubali, mtoto wangu atapita chini ya jina hilo kila akija kwangu.

Mama Nafaka, Nakuru

JIBU

Mama Nafaka,

Asante kwa barua yako, na asante kwa kueleza mambo yalivyo bila kumchafua mtu yeyote, hata wale vijana wa magunia. Umeniuliza juu ya neno na juu ya kibao. Juu ya binti hukuniuliza chochote, umenisimulia tu, ila naona ndiye aliyekufanya ushike kalamu. Swali lake na lako ni moja, kwa hivyo niruhusu nianze na hilo.

Bonge ni Kiswahili cha kawaida, na halikuzaliwa likiwa tusi. Ni pande kubwa la kitu, pande lisilo na umbo maalumu: bonge la ugali, bonge la udongo, mabonge ya damu iliyoganda. Kwa kuwa limebeba ukubwa, watu wakaanza kulitanguliza mbele ya kila wanachokistaajabia, na ndiyo hiyo bonge la nyumba na bonge la mechi. Hapo mume wako hajakosea. Mtu akisema "bonge la mama," anayesifiwa ni mama, na bonge linaonyesha tu sifa yenyewe imefika wapi.

Lakini vijana wako hawakusema bonge la mama. Walisema bonge, wakaishia hapo. Mama ameachwa nje, limebaki pande. Tena walisema "linakuja," hawakusema "anakuja." Sisi wasemaji wa Kiswahili tunaujua mchezo huo tangu utotoni. Mtu tukitaka kumkuza na kumdunisha kwa pumzi moja, tunamtoa kwa watu tunampeleka kwa majitu, majibaba na majimama. Aliyesema "bonge linakuja kuhesabu" alijua anafanya nini, hata kama mtihani wa Kiswahili ulimshinda.

Na wale wanaokupa mkono asubuhi? Nadhani wengi wao hawana hata habari kwamba jina lilianzia kwenye mzani. Wamelikuta limeshakomaa, wakaliongezea "Mama" mbele, na kwao ni jina kama majina mengine ya sokoni. Kule Tanzania watu wanene wengi huitwa Bonge ana kwa ana na kuitika, na msichana mnene huweza kuitwa kibonge na mtu anayempenda sana. Hiyo "ki" inaweza kuwa ya kudekeza, inaweza kuwa ya kudharau, na anayejua ni ipi ni yule anayeitwa hivyo.

Neno hili lina jamaa zake. Pipa, ambalo Wareno walituachia pwani pamoja na meza na bendera, hurushiwa mwanamke mnene akipita. Tipwatipwa nalo hata sauti yake inamcheza mtu mwili. Halafu kuna nono. Kwa kawaida ng'ombe ndiye hunona, mtu hunenepa, lakini tukitaka kumuumiza mtu tunamkopesha neno la ng'ombe. Utakumbuka mwaka 2019, aliyekuwa gavana wa Pokot Magharibi alipomtaja kijana mmoja aliyekuwa akimkosoa kuwa ni "kijana fupi, nono, round." Nchi nzima iliyakariri maneno hayo kwa vicheko. Mimi pia yalinichekesha, kwa maana sarufi yenyewe ilikuwa kituko. Ila kijana yule alikuwa na hoja kuhusu kaunti yake, na baada ya kicheko kile ni wangapi waliouliza hoja yenyewe ilikuwa ipi? Hiyo ndiyo kazi ya maneno haya. Mtu anakuja na jambo lake, anarudishwa akiwa umbo. Wewe ulikuja kuhesabu magunia yako, kazi inayohitaji akili na macho, na kilichotangazwa ni ukubwa wako.

Kwa hivyo binti akiuliza tena, na atauliza, sioni ubaya wa kumwambia hivi: neno lenyewe si tusi, lakini mtu anaweza kulitumia kutukana, na anayeitwa ana haki ya kusema linamuuma bila kuonyesha kamusi. Kwa jibu hilo baba hajawa mwongo, na mtoto hajaambiwa kwamba anachokisikia moyoni hakipo.

Sasa mume wako na kitambi chake. Swali lake, kwamba mbona yeye hakasiriki, ni swali la haki na linastahili jibu. Wanapokiita "public opinion" wanampandisha cheo. Kitambi cha mwanamume hapa kwetu kinasomwa kama pesa, kama mheshimiwa anayetafunwa na mikutano. Hakuna aliyemwambia apande mzani. Na baada ya kicheko anaendelea kuitwa kwa jina lake, simu za kazi zinampata kwa jina lake. Ungemuuliza, kwa utani tu, kama angekubali mchoraji huyo huyo amwandikie kwenye begi la vifaa "Kitambi Umeme wa Nyumba." Huenda akacheka na kukubali, na hapo utakuwa umejifunza kitu kuhusu mume wako. Huenda pia akanyamaza kidogo.

Lakini kuna jambo ambalo barua yako haikuniambia. Unasema ulimwambia hulipendi jina. Je, ulimwambia kuhusu chakula kinachorudi? Kama hukumwambia, basi yeye amesikia habari ya kupenda na kutopenda, sawa na mtu anayebishania rangi ya ukuta, na kwa jicho hilo biashara lazima ishinde. Naona ni baba aliyefurahi kuchangia duka ambalo limekuwa likimlisha miezi migumu. Huenda kibao hiki kwake ni njia ya kusema, "Na mimi nina mkono hapa." Ukilikataa jina bila kuuona mkono huo, atabaki na aibu mbele ya mchoraji na mbele yako. Silazimishi iwe hivyo. Wewe unamjua, mimi nimemwona kwa mistari michache tu.

Nalo hili la wateja, ningependa tulichambue pole pole. Yule mwenye hoteli aliambiwa nini? "Gorogoro yake haijabonyezwa." Wewe na mimi tunajua gorogoro za sokoni, jinsi nyingine zilivyopigwa nyundo chini hadi mnunuzi anakwenda nyumbani na kilo mbili zisizo kilo mbili. Kilichomleta kwako ni kipimo cha haki. Bonge lilimwonyesha njia tu. Kwa upande mwingine sitaki kukudanganya kwamba jina halina uzito wowote. Mtu wa bodaboda anahitaji neno fupi la kumwambia abiria, na neno hilo tayari analo. Ukibadilisha kibao leo, kuna wageni watakaokupita wakitafuta "kwa Bonge" nawe umeandika kitu kingine. Sidhani watakuwa wengi, lakini watakuwepo.

Kuna pia jambo ambalo wewe na mume wako huenda hamjaliona: kibao hakina nguvu hizo mnazokipa. Ukikataa, watu hawataacha kukuita Bonge kesho, sokoni majina hayasomi vibao. Ukikubali, maumivu hayatakwisha kwa sababu umeyapaka rangi. Kibao kinaamua kitu kimoja tu, nacho ni kama wewe mwenyewe umelitia sahihi jina hilo.

Wako watu waliotia sahihi kwa hiari yao. Huko Marekani kuna chama cha watu wanene na wanaowatetea, kilianzishwa mwaka 1969, na wafuasi wake wengi hutumia neno la kawaida la unene bila kulipunguza makali wala kulionea haya. Wanasema neno likiwa mikononi mwao halina wa kuwapiga nalo. Huenda nawe una moyo huo. Naweza kukuona umesimama chini ya kibao cha Bonge Cereals ukiwaagiza wale vijana wapange magunia vizuri, nao wakitii. Wanawake wa aina hiyo wapo na biashara zao zinasimama. Hatari yake ni kwamba wale waliolichukua jina walichagua wenyewe, na nyumbani kwako anayelibeba pamoja nawe hakuulizwa. Kitu kingine ni cha kikaratasi, lakini usikipuuze: rangi hufutika kwa rangi, ila jina likiingia kwenye kibali cha kaunti na kwenye namba ya till, litakuwa likitokea kwenye simu ya kila anayekulipa, na kulitoa huko ni foleni na fomu. Ikiwa mtakubaliana kujaribu kibao, mnaweza kuacha karatasi zikae na jina la zamani kwanza.

Ukikataa, utapoteza labda ile nusu iliyolipwa, ingawa mchoraji mwenye busara atakubali kuandika maneno mengine kwa pesa hizo hizo. Watasema unajiskia, na vijana wanaweza kulikoleza jina makusudi kwa muda. Hilo la kujiskia nalo lipime. Ni nani hasa atakayelisema, na je, ni mtu ambaye ukimkosa utalala njaa?

Wengi wangekushauri njia ya katikati, uandike "Kwa Mama Fulani" kwa jina la mtoto, kama tunavyoitana siku zote. Ni njia nzuri, lakini fulani mwenyewe ni kifungua mimba, ndiye yuleyule binti. Atafurahi jina lake kuwa juu ya duka, au ataona ameletwa sokoni achekwe? Mwenye jibu ni yeye. Njia nyingine ni kuandika kile wanachokusifia, habari ya gorogoro iliyojaa, ukawaachia watu midomo yao. Hapo mume wako huenda akaona hukumkataa wala hukumkubali, na hilo nalo lina uchungu wake.

Kuhusu wale vijana, ulicheka siku ile, na nahisi unajiona kama uliwapa ruhusa. Mtu akichekwa mbele ya mteja wake hucheka. Hiyo si ruhusa. Ukitaka kuzungumza nao, ningekwepa kuwakusanya. Aliyeanza, au mkubwa wao, ukimpata peke yake wakati wa kumlipa, maneno machache yanatosha: "Hilo jina limefika shuleni kwa mtoto wangu. Naomba hapa kwangu muniite Mama." Kijana anaweza kuona haya na kunyamaza, au anaweza kwenda kuwasimulia wenzake na utani ukazidi. Sijui atakuwa yupi. Nakumbusha tu kwamba wewe ndiye unayewalipa. Hasira ya siku moja inaweza kumnyima mtu kazi kwa sababu ya mzaha, na huo ni uzani mkubwa kuliko alioweka yeye.

Mama yako naye usibishane naye sana. Anayoyasema hayakutoka hewani. Kenya iligundua wagonjwa wa kwanza wa ukimwi mwaka 1984, na kufikia 1999 Rais Moi alipoutangaza kuwa janga la kitaifa, huko magharibi na Nyanza matanga yalikuwa yamezoeleka kama misimu ya mvua. Majirani zetu wa Uganda ugonjwa wenyewe waliuita "Slim," yaani kukonda. Aliyepungua suruali alianza kuchunguzwa na macho ya kijiji, na aliyenawiri mamake alimshukuru Mungu kwa sauti. Mama yako akikutazama anaona mtoto aliyesalimika. Binti yako hakuyaona hayo. Yeye anaishi wakati ambapo kila simu inamwonyesha wasichana wembamba. Nyanya akimwambia "umenenepa vizuri," mmoja atakuwa amebariki na mwingine atakuwa amesikia Bonge Junior. Ungeweza kumwomba nyanya amsimulie mjukuu wake habari za miaka ile, kama ana nguvu za kuzisimulia.

Sasa tufike kwa mtoto mwenyewe.

Umeamini kwamba hali chakula kwa sababu ya jina, na inawezekana kabisa. Lakini usifunge mlango huo mapema. Inawezekana chakula ananyang'anywa, au anampa mwenzake asiyebeba, au tumbo linamsumbua, au kuna jambo jingine shuleni ambalo kwake ni rahisi kulificha nyuma ya jina hili. Katika umri wake mwili wa msichana huongeza mafuta nyongani na mapajani, hedhi inapokaribia na inapoanza. Hakuna kasoro hapo, ndivyo mwili unavyojijenga. Ni wakati huo huo damu yake inahitaji madini ya chuma na mifupa yake inahitaji kalisi. Kwa hiyo kurudisha chakula muhula mzima si jambo la kusema litapita. Ukiona kizunguzungu, hedhi iliyokuwa imeanza ikakatika, anajifungia msalani kila baada ya kula, anakula kwa siri usiku, au nguo zinamlegea haraka, usingoje, mpeleke hospitali. Ukifika huko anza kwa kueleza habari ya chakula kinachorudi. Ukianza na habari ya mwili, wapo wahudumu watakaomtazama tu na kumsifu kwa kupungua, na utakuwa umempoteza.

Kuna watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, waliowafuatilia vijana kwa miaka 15. Waliokuwa wakitaniwa kuhusu uzito wao wakiwa wadogo ndio waliokuwa na uwezekano zaidi wa kuwa na unene wa kupindukia ukubwani, na wa kula ili kutuliza moyo. Nimeyataja haya kwa ajili ya mume wako, na kwa ajili ya yeyote atakayekwambia kwamba utani utamsaidia mtoto ajirekebishe. Na akikwambia mtu kwamba ninyi wawili ndio mabonge, uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2014 ulikuta mwanamke mmoja kati ya watatu nchini, wa miaka 15 hadi 49, ana uzito uliozidi. Soko zima lingehitaji vibao.

Shule nayo ina wajibu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inakataza mwanafunzi kutendewa kwa njia ya kumdhalilisha, iwe kwa mwili au kwa akili. Huhitaji kwenda na sheria mkononi. Inatosha uijue ukiwa unazungumza na mwalimu wa darasa, hasa ikitokea kwamba mwalimu ndiye anayelitumia jina hilo, maana walimu wengine ni watani wakubwa. Ila kabla hujavaa viatu muulize binti. Mtoto wa umri huo anaweza kuogopa siku mama atakayoonekana getini kuliko anavyoogopa jina lenyewe, kwa sababu ndiyo siku wenzake watakayoonyeshana Bonge mwenyewe. Hilo likikuuma, na litakuuma, tafadhali usimwonyeshe. Unaweza kumwachia achague: uende wewe, aende baba, au umpigie mwalimu simu jioni. Kama hataki kusema nawe, mwambie kuna namba 116 ya watoto, haina malipo, na kumpigia mtu mwingine si kukusaliti.

Jumamosi hii ungejaribu kumwita dukani bila kumtajia chakula wala jina. Mpe lile daftari la madeni. Hakuna anayejua kama atakuja. Lakini nadhani mazungumzo yake yanafaa kutangulia yale ya baba yake, kwa sababu ukijua anachotaka yeye utakwenda kwa mume wako na kitu kizito kuliko "silipendi." Mchoraji mpigie umwambie angoje hadi mwisho wa mwezi. Ana vibao vingine vya kuandika.